Molasi na makapi ya miwa ni mali

Mhariri,

Mjadala wa viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya umejaa habari za madeni na mitambo chakavu, hata tumesahau mali inayobaki baada ya sukari. Zaidi ya robo ya uzito wa miwa inayosagwa hubaki kuwa makapi, ambayo yakichomwa kwenye boila za mgandamizo mkubwa hutoa mvuke wa kuendesha kiwanda chenyewe na umeme wa ziada wa kuuzwa kwenye gridi ya taifa, kama kiwanda cha Mumias kilivyoanza kufanya kwa kiwango kikubwa mwaka 2009. Molasi nayo, yaani maji mazito meusi yanayobaki sukari ikishatolewa, ikichachushwa kwa hamira na kukenekwa, hutoa ethanoli, kileo kinachowaka kama mafuta. Miaka ya 1980 ethanoli ya Muhoroni ilichanganywa na petroli ya magari yetu. Sisi tukaacha, ilhali Brazil, iliyozindua mpango wake mwaka 1975, iliendelea.

Naiomba serikali irejeshe uchanganyaji huo kisheria. Lakini bei ya miwa nayo izingatie makapi na molasi, kwa kuwa si haki mkulima, ambaye mara nyingi hucheleweshewa hata malipo ya miwa yake, akose fungu katika umeme na mafuta yatokanayo na jasho lake.

Mkulima wa miwa,
Muhoroni