Mnapoandika gari la kuundwa nyumbani, ulizeni linavyosimama

Ndugu Mhariri,

Kila gazeti linapotoa habari ya kijana wa Mbeya, Iringa au Njombe aliyeunda gari la michezo uani kwao, maswali huwa yaleyale: limegharimu shilingi ngapi, limechukua muda gani, linakimbia spidi ngapi. Picha inapigwa gari likiwa limeshang'aa. Hatuna ugomvi na sifa hizo, vijana wanazistahili. Ila ni nadra kuona mwandishi akiuliza linasimama kwa mita ngapi, na vijana wanabaki wakiamini kwamba gari likipakwa rangi limekwisha. Sisi tunaoshinda gereji tunasema rangi iwe ya mwisho kabisa. Kabla yake kuna kazi ndefu isiyotoa picha nzuri.

Chukulia gari lililojengwa kwa viungo vya Toyota Altezza au Mark II iliyopata ajali, maana zinasukuma kwa magurudumu ya nyuma na spea zake hazisumbui: fremu ya mabomba ya mraba ya milimita 25, bodi ya bati au faiba. Altezza nzima ina zaidi ya kilo 1,300. Gari jipya likijengwa vizuri linakuja kwenye kilo 700 hadi 800. Upungufu huo ndio raha yote ya gari la michezo, na ndio huohuo unaovuruga hesabu zilizofanywa kiwandani za breki, springi na upepo wa matairi.

Kwenye breki, anayetandika mabomba mapya mara nyingi huiacha valvu ya kugawa presha kati ya mbele na nyuma, au huondoa kifaa cha ABS (kinachozuia magurudumu kujifunga) kilichokuwa kikifanya kazi hiyo, kwa kuwa bila vitu hivyo mabomba yanapita kirahisi. Nyuma ikipata presha sawa na mbele, siku dereva atakapokanyaga kwa nguvu magurudumu ya nyuma yatajifunga kwanza na gari litazunguka, mkia utangulie. Dawa ni valvu ya kurekebisha kwa mkono, ikiwekwa kwenye bomba linalokwenda nyuma. Jaribuni kwenye uwanja wa changarawe kwa spidi 30, msaidizi akiwa pembeni kwa umbali salama, aone magurudumu yapi yanajifunga kwanza. Yawe ya mbele. Lakini msiishie kwenye changarawe. Kwenye lami kavu breki hushika zaidi, uzito unahamia mbele na nyuma inabaki nyepesi, hivyo gari lililofaulu kwenye changarawe linaweza kufeli barabarani. Rudieni kwenye lami kwa spidi 40, halafu 60.

Wengine huondoa busta, kifaa kinachouongezea nguvu mguu wa dereva kwenye breki, kwa kukosa nafasi. Inawezekana, ila pedali ya gari lenye busta huwa na uwiano wa karibu 4 kwa 1 (mguu ukisogea sentimita 4, fimbo ya breki inasogea 1), na bila busta inatakiwa karibu 6 kwa 1. Ukiiacha pedali ileile utakuwa kama unasukuma ukuta kwa mguu. Na tafadhali, mirija ya shaba ya friji isitumike kwenye breki. Ni laini, inakunjika vizuri, inapendeza macho, kisha inakakamaa kwa mtikisiko na kupasuka palipokunjwa. Tumieni bomba la chuma la milimita 4.75, mdomo ukunjwe mara mbili, na nati zake kwa Toyota ni M10 yenye hatua ya milimita 1.

Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki kunaanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali. Kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Kuna kosa moja ambalo huwatoa watu jasho: kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) ya kushoto ikifungwa kulia, nipo ya kutolea upepo inakaa chini badala ya juu, upepo unabaki umejificha juu yake, na pedali haitakuwa ngumu hata mkipitisha lita tano za mafuta. Ikishakuwa ngumu, mtu akanyage kwa nguvu zote dakika nzima, mwenzake akipitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo. Pedali ikizama polepole na karatasi ikabaki kavu, raba za ndani za masta silinda zimechoka.

Mafuta ya breki yenyewe yawe ya daraja la DOT 4, kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini kwa kuwa yananyonya unyevu hewani, kiwango hicho kinaweza kuporomoka hadi nyuzi 155. Mteremko wa Kitonga au ule wa Iwambi hausamehe mafuta ya namna hiyo. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na pedali inakwenda sakafuni bila kukamata kitu.

Bolti za miguu (mikono inayoshika magurudumu kwenye fremu) ziwe za daraja 8.8 au zaidi, namba isomeke kichwani. Nati zenye nailoni zisirudiwe, na uzi wa bolti utokeze nje ya nati angalau mizunguko miwili. Kila iliyokazwa kwa spana ya kupimia iwekwe mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu, ikilegea mstari unakatika na unaona bila spana. Nati za magurudumu ya Toyota zinakazwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100.

Bushi za raba hazikazwi gari likiwa kwenye jeki. Ukizikaza miguu ikiwa inaning'inia, gari likishuka raba inabaki imepindwa muda wote. Itachanika mapema, na kabla ya hapo itanyanyua gari juu kuliko springi zilivyokusudia, kwa hiyo vipimo vyote mtakavyochukua vitakuwa vya uongo. Shusheni gari, lisukumeni mbele na nyuma, likalieni, ndipo mkaze.

Kusawazisha uzito si lazima mashine ya gharama. Mizani ya jukwaa ya wafanyabiashara wa mpunga na viazi, ile ya kilo 300, inatosha: minne, mmoja chini ya kila gurudumu, yote ikiwa usawa mmoja. Kwenye kiti cha dereva wekeni mfuko wa saruji wa kilo 50 na dumu la maji la lita 20. Jumla ya mbele kushoto na nyuma kulia ikaribiane na ya mbele kulia na nyuma kushoto. Zikitofautiana sana, gari litavuta upande mmoja kila mkishika breki, na mtailaumu kalipa isiyo na kosa. Ndipo mfunge nyuzi mbili pembeni mwa gari, zikiwa sambamba na mstari wa katikati, mpime magurudumu ya mbele. Yanayoelekeana kwa ndani milimita 1 hadi 2 yanafaa kwa kuanzia.

Upepo wa matairi ndio unaosahaulika kuliko vyote. Psi 32 ni ya gari zito. Gari la kilo 700 linatosheka na 20 hadi 22, na ukilijaza 32 litaruka kila kokoto na tairi litashika kwa ukanda wa katikati tu. Chora mstari wa chaki ukikatiza tairi, endesha mita 200 moja kwa moja, shuka utazame palipofutika. Kwa matairi ya mtumba someni namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Sasa injini. Huku kwetu kuna ugonjwa wa kutoa thamostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) kila gari linapochemsha, na tunaona umehamia kwenye magari ya kuundwa. Tukubaliane kwamba haikuwekwa kama pambo. Bila hiyo, asubuhi ya Julai Uyole au Mafinga injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kumimina petroli, na petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kuna injini ambazo thamostati yake hufunga pia njia ya mkato ya maji. Hizo ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na kinachotakiwa kupoa kinazidi kuchemka.

Chanzo hasa cha joto kwenye magari haya ni pua fupi. Rejeta inakaa chini kuliko injini, na hewa inanaswa juu ya silinda hedi. Tanki la kujazia liwe juu kuliko kila kitu, na wakati wa kujaza nyanyueni pua ya gari, wekeni hita wazi. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na presha huchemka hapo kwa nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima cha presha ya baa 1.1 kinayavusha nyuzi 115, kilichochoka hakifiki popote. Tieni kulanti nusu kwa nusu na maji safi, kwa sababu ya kutu na kwa sababu ya baridi ya Makete. Anayetumia kabureta ajue kwamba akiirekebisha vizuri Mbeya, Dar es Salaam hewa ni nzito zaidi na injini itapungukiwa petroli, ipate moto. Injini ya sindano inajirekebisha yenyewe. Pia asishangae nguvu kupungua: kwa urefu huu injini isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 17.

Kwenye umeme, asilimia kubwa ya ushetani ni arthi. Fremu imepakwa rangi nene, fundi anafunga arthi juu ya rangi, kisha mshale wa joto unapanda kila taa zikiwashwa na kompyuta inalaumiwa. Kwangueni hadi chuma, fungeni, ndipo mpake grisi. Injini iwe na waya wake mnene kwenda kwenye fremu, maana imekalia raba. Feni ya rejeta ipite kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) na fyuzi yake yenyewe. Betri ikihamishiwa nyuma, fyuzi kubwa iwe karibu na betri, na kila waya unaopenya bati uvishwe raba.

Hili la pampu ya petroli tunaliwekea mkazo. Toyota huizima pampu kompyuta isipoona injini ikizunguka. Anayepunguza waya mara nyingi huikata rilei hiyo na kuunga pampu moja kwa moja kwenye swichi. Gari litawaka vizuri tu. Likipinduka injini ikazima, pampu itaendelea kusukuma petroli kwenye mpira uliopasuka. Rudisheni rilei ile, na mpira uwe wa injini ya sindano, unaohimili presha ya kama baa 3. Ule wa kabureta haufai.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, chomoeni pampu ya petroli na koili za cheche, piga stata kwa vipindi vya sekunde 10 mpaka taa ya oili izime. Kizimamoto cha unga kiwe mkononi mwa mtu. Kilomita za kwanza ziwe ndani ya eneo lililofungwa, si Mlima Nyoka wala barabara ya Chunya. Pedi mpya zilainisheni kwa kushuka kutoka spidi 60 hadi 15 mara nane au kumi bila kusimama kabisa. Chini ya sampu, bakuli la oili la injini, acheni sentimita 14 au zaidi. Matuta yetu mnayajua.

Breki zikishakaa sawa, kwenye lami kavu gari hilo lisimame ndani ya mita 13 kutoka spidi 50, bila kuhesabu muda wa dereva kushtuka. Mita hizo pimeni kwa futi ya mkanda. Kisha fungueni kila kitu mkague, na hapo ndipo aitwe fundi rangi. Rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) haikauki vizuri kwenye baridi ya Juni, na moshi wake unapita kwenye barakoa ya kitambaa, unaharibu mapafu.

Mwisho ni karatasi. Usajili uko TRA na ukaguzi uko kwa polisi wa usalama barabarani, na fremu mpya si gari lile la ajali. Kukata kipande chenye namba ya chasesi na kukichomelea kwenye fremu mpya ni kutafuta kesi. Uingereza tangu 2009 magari ya kuundwa nyumbani hupitia ukaguzi uitwao IVA, ambao hutazama kuanzia mgawanyo wa breki hadi ncha kali za bodi zinazoweza kumchana mtembea kwa miguu. Wakaguzi wa magari wa mikoa yetu, pamoja na walimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na VETA, wanaweza kuandika orodha ya ukurasa mmoja ya namna hiyo, kijana akaichukua kabla hajakata bomba la kwanza. Gazeti lenu likiichapisha, tutaibandika ukutani gereji.

Mafundi wa magari,
Mbeya