Kikao cha Jumamosi: The Ocean Race, mbio za mashua za matanga kuzunguka dunia

Wapendwa, habari za jioni.

Tukutane Jumamosi 25 Februari 2023, saa 2 usiku, kwa simu ya kikundi. Kesho yake mashua tano za IMOCA (aina ya mashua za mbio hizi) zinang'oa nanga Cape Town kwenda Itajaí, Brazili: takriban maili 12,750 za baharini bila kituo, Rasi ya Horn, kusini kabisa mwa Amerika Kusini, ikiwemo. Hatua ndefu kuliko zote tangu mbio hizi zianze, jamani, tusiikose!

Nahitaji wawili wajitolee:
1. Kueleza mabawa ya pembeni (foils) ya IMOCA yanavyoinua mashua juu ya maji.
2. Kueleza VO65, aina nyingine ya mashua za mbio hizi. Hazimo kwenye hatua hii, lakini zimeundwa sawasawa zote, kwa hiyo hapo ubaharia ndio huamua.

Tafadhali andika "nipo" au "sipo" kabla ya Alhamisi jioni.