Safari ya Kisumu: ratiba imebadilika kidogo

Hamjambo wapendwa? Safari iko palepale, Ijumaa hadi Jumapili. Najua ni masika, lakini ndiyo maana hoteli imetupunguzia bei, na mwenzetu Mjerumani anarudi kwao Juni bila kuliona Ziwa Victoria. Haiwezekani!

1. Matatu inatoka Nakuru Ijumaa saa 12 asubuhi. Saa ya Kiswahili, jamani. Safari iliyopita mgeni wetu mmoja alifika adhuhuri na begi lake, akashangaa tumeenda wapi. Tutapitia Kericho, na huko ukungu ni mwingi, kwa hivyo dereva hatakimbizwa.

2. Mashua ya ufuo wa Dunga nimeihamisha kutoka Jumamosi jioni hadi Jumamosi hiyohiyo saa 1 asubuhi. Kisumu mvua hupenda kunyesha alasiri, tena na radi, na ziwa likichafuka si mahali pa kupigia picha. Asiyevaa jaketi la kuokoa maisha atabaki ufuoni.

3. Mchana ni Makumbusho ya Kisumu, tuone boma la Kijaluo, kisha samaki na ugali. Kwenye miamba ya Kit Mikayi tutaenda tu kukikauka. Yale mawe yakilowa yanateleza.

4. Mchango ni shilingi 6,500, kwa M-Pesa ya mweka hazina, kabla ya Jumatano saa 2 usiku. Chakula cha Jumamosi kila mtu ajilipie.

Bebeni koti la mvua na viatu visivyoogopa matope. Tafadhali jibu "NAENDA" au "SIENDI" leo. Nahitaji idadi ya vyumba.