Mama, usitie sahihi

Mwanangu, wajina wa mama yangu,

Barua hii utaikuta juu ya viazi, nimeifunga kwa nailoni isilowe. Kwa simu hunipi nafasi. Nikianza tu, "Baba, nimesikia," na laini imekatika. Sasa soma.

Usitie sahihi.

Jumapili usiku ulipomsomea mama yako kwa simu ile karatasi ya meneja, nilikuwa nimelala lakini usingizi sina. "Naacha kazi kwa hiari yangu na sina madai yoyote." Hiari ya nani? Pesa zimepungua kwenye kaunta mnayopokezana watu watatu, halafu hiari inakuwa yako peke yako. Ulipomjibu meneja kwamba unaenda kufikiria kwanza, nikajua jina la mama yangu halikupotea nilipokupa wewe. Lakini najua pia kwamba ukichoka unakubali ili yaishe. Hapo ndipo ninapoogopa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 41, inasema hivi: kabla ya kukufuta kwa kosa, mwajiri lazima akueleze tuhuma kwa lugha unayoielewa, na una haki awepo mfanyakazi mwenzako uliyemchagua mwenyewe, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa hapo kazini. Kisha mwajiri awasikilize nyote wawili. Hata akiliita jambo hilo wizi, la kufutwa papo hapo bila notisi, kikao hicho hakirukwi. Sasa jiulize mbona meneja hataki kikao, anataka sahihi. Aliyeacha mwenyewe hakufutwa. Ukishaandika "hiari", kazi ya kuonyesha kwamba ulisukumwa itakuwa yako, na aliyekusukuma atakaa akikutazama.

Na hiyo shoti, yaani pesa zilizopungua, wanayotaka kukata kwenye mshahara: wanaweza kuikata ikiwa ulizembea au ulikosa uaminifu, na mkataba wako uwe unataja wazi kwamba umekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Hata hapo, makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Mkataba wako unasemaje? Hujui. Nilikuuliza mwezi wa tatu ukaniambia uko "mahali fulani". Picha za keki ya siku ya kuzaliwa unazo tele, barua ya kuajiriwa huna hata moja. Itafute leo hii. Ukiikosa, omba nakala kwa maandishi.

Utauliza baba amejulia wapi haya yote. Nimejulia pabaya. Ule mwaka uliofukuzwa karo ukiwa kidato cha pili, niliwaambia kampuni imepunguza watu. Watu hawakupunguzwa, nilipunguzwa mimi. Niliitiwa getini, nikapewa bahasha ya kaki na karatasi yenye mstari wa nukta chini. Sikuwa na kalamu. Soja akanipa yake, kifuniko kimetafunwa, wino unakatakata, ikabidi jina langu nilipitishe mara mbili. Mama yako anadhani zile pesa zilikuwa nyingi kuliko zilivyokuwa, na wewe usimtoe huko. Nilipopata akili ya kwenda kwa wakili, mwaka wa nne ulikuwa umeanza, na kesi ya namna hiyo inatakiwa ifike kortini ndani ya miaka mitatu. Wakili akaitazama ile sahihi iliyoandikwa mara mbili, akaniuliza, "Mzee, ulilazimishwa?" Nikamwambia hapana, nilipewa kalamu.

Kwa hivyo usitie. Wakitaka kukufuta, wakufute wao, kwa barua yenye sababu na tarehe. Hapo una miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, yule wa serikali wa mambo ya kazi, na korti ikiona ulionewa inaweza kuamuru ulipwe hadi mishahara ya miezi 12. Nimesema hadi, usianze kuzipigia hesabu. Cheti cha utumishi nacho ni haki yako hata mkiachana kwa ubaya. Mahakama ya ajira iko hapo hapo Kisumu, na ofisi ya leba pia, usiniambie ni mbali.

Nunua daftari. Andika siku, saa, nani alikuwepo, nani alishika kaunta kabla yako na nani alikupokea. Yule rafiki yako wa stoo usimweleze kitu, mdomo wake nimeusikia hata kwa simu.

Viazi ni vya Njoro. Vilivyo juu vimeguswa na jembe, anza na hivyo. Presha ya mama yako imeshuka, ila bado anaficha chumvi ndani ya kopo la majani ya chai akidhani sioni. Mpangaji wa chumba cha nyuma huu ni mwezi wa pili hajalipa, nami naona haya kumdai. Kuku mwekundu ameatamia ndani ya karai langu, naoga kwa ndoo mpaka aangue.

Kodi ya nyumba ikikosekana, niambie kabla ya tarehe 5 nimuuze yule beberu. Nisije nikasikia ulitia sahihi kwa ajili ya kodi. Mama yako anataka omena, zile zilizokauka vizuri, si za mchanga kama za juzi. Na gunia mrudishie dereva huyo huyo, ni la jirani na ameshaniuliza mara mbili kabla hata sijalijaza.

Baba yako