Risala ya Watumishi wa Kitengo cha Utafiti wa Saratani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Saratani Duniani, Dar es Salaam

Ndugu Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi, viongozi wa dini, wageni waalikwa, wagonjwa wetu na ndugu wanaowauguza: Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kukaa nasi chini ya turubai hili, katika joto la Februari ambalo feni tulizoazima zimekwisha kusalimu amri mbele yake.

Historia yetu ni fupi na tutaifupisha zaidi. Tulianza watu watatu na meza moja kwenye korido ya jengo la mionzi. Leo tuko kumi na mmoja, tuna chumba chenye kiyoyozi, na kiyoyozi hicho kinafanya kazi.

Mafanikio ni makubwa. Watumishi wote wamepata mafunzo ya maadili na kanuni za utafiti wa tiba kwa binadamu. Tumepata kabati la chuma lenye kufuli mbili, na tangu liingie hakuna fomu ya ridhaa iliyopotea wala kuliwa na panya. Wakaguzi wa utafiti walilisifu kabati hilo kwa maandishi.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa utafiti wenyewe. Kwa miaka mingi mama aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi amekuwa akipigwa mionzi mara 25, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano. Uingereza walifanya jaribio liitwalo START B, lenye wanawake 2,215, wakalinganisha utaratibu huo na ule wa mara 15 ndani ya wiki tatu. Majibu yalitoka mwaka 2008: wiki tatu hazikuwa duni. Waliendelea kuwafuatilia hadi miaka 10, jibu likabaki lilelile. Lakini wengi wa wanawake wale walitolewa uvimbe tu, titi likabaki. Sisi tunauliza kama jibu hilo linamfaa pia mama wa Newala au Tunduru, anayetufikia akiwa amechelewa na titi lote limeondolewa.

Yaani tunataka kumpunguzia mgonjwa safari kumi za hospitali, na kinachotuangusha ni hizo hizo safari.

Mwenye ndugu Mbagala au Gongo la Mboto hupokelewa wiki ya kwanza kwa pilau, ya pili kwa ugali, ya tatu anaulizwa anaondoka lini. Wahenga walishasema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Huyu mgeni mkono hauinuki. Asiye na ndugu hulala kwenye mabenchi ya nje. Tunamchora alama za wino kifuani ili mashine ilenge palepale kila siku, tunamwonya asizifute, kisha hatujui anaogea wapi.

Siku akikosa nauli, haji. Na mionzi hairukwi kama kipindi cha darasani, maana seli za saratani zilizosalia hutumia mapumziko hayo kuongezeka upya. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, tiba yote inatakiwa iishe ndani ya wiki nane, na kila siku inayozidi inakadiriwa kupunguza nafasi ya kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia 1.

Akipotea kabisa, hatuwezi kumwandika kuwa amepona wala kuwa amefariki. Huenda amezidiwa, huenda yuko shambani anapalilia mikorosho na hana habari na sisi. Mapengo yakiwa mengi, mtaalamu wa takwimu hana la kufanya, na wale waliojitolea hadi mwisho wanakuwa wamejitolea bure. Mfadhili analipia vipimo, fomu, na nauli kwa kiwango kilichoruhusiwa na kamati ya maadili, ambacho kinamtosha mgonjwa wa Kimara. Tofali halilipii, na mkataba umesema hivyo wazi.

Ndiyo maana tulianza kujenga hosteli. Mgeni rasmi wa kwanza alituahidi saruji, na kwa haki tuseme ilikuja nusu. Wa pili aliweka jiwe la msingi; utepe wake upo hadi leo. Wa tatu aliahidi mabati kabla ya masika, na kosa ni letu, hatukuuliza masika ya mwaka gani. Hatuyasemi haya kumlaumu mtu, tunajua waheshimiwa wana mengi. Jengo limesimama kwenye lenta. Katika chumba namba sita umeota mpapai, na mapapai yake tumekwisha kuyala misimu miwili.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba mabati, mbao za kupaulia, milango 14, tanki la maji na vitanda 28. Kwa heshima zote, visiwe vya dabodeka. Aliyetoka kuondolewa titi hapandi ngazi ya kitanda. Magodoro yapo. Tuliletewa na msamaria mmoja kabla ya jengo kuwa na ukuta, yamo stoo, na tunaendelea kumshukuru.

Mahitaji mengine, pamoja na karani wa takwimu ambaye mkataba wake unaisha mwezi ujao, tumeyaandika kwenye karatasi ya pili. Chanzo cha kobalti, yaani kile kinachotoa mionzi kwenye mashine yetu, kinachopungua nguvu kwa takriban asilimia 1 kila mwezi, mashine itumike isitumike, hatukitaji leo. Tumeshauriwa tuombe kitu kimoja.

Hatuombi ahadi, Ndugu Mgeni Rasmi, ahadi tunazo. Tunaomba tarehe, hata ikiwa ya mbali, tuiandike ukutani pale mapokezi ambapo wagonjwa wataisoma. Na kama haiwezekani tuambiwe hapahapa, tutaanza kuchangishana.

Kabla ya chakula tunaomba utembee nasi hadi nyuma ya maabara ukalione jengo. Hatujaandaa mtu wa kukufungulia, kwa kuwa halina milango.

Naomba kuwasilisha.