Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Moshi: Kibarua naye ni mfanyakazi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo. Matanga yameisha, maturubai yamerudishwa, na rambirambi zako tulizipokea kwa shukrani. Sasa familia za waliofariki katika moto wa karakana ya magodoro zinahangaika na swali moja: je, marehemu wao walikuwa wafanyakazi?

Mwenye karakana anasema hawakuwa. Eti walikuwa vibarua wa kulipwa jioni, hakuna aliyesaini mkataba. Ofisi moja tuliyoipelekea madai nayo ikadai mikataba hiyohiyo. Mjane ameambiwa alete barua ya ajira ya mume aliyekuwa akiitwa getini na nyapara kila asubuhi!

Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kwa kigezo kimoja tu, mathalani akiwa amemfanyia mwenzake kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Vijana wale walizimaliza saa hizo ndani ya wiki. Karatasi isipokuwepo, wa kuulizwa ni yule aliyepaswa kuiandika.

Na ushahidi upo. Ujira ulitumwa kwa simu, kwa hiyo meseji za miamala zipo. Simu nyingine ziliungua pamoja na wenyewe, lakini kumbukumbu zimebaki kwenye kampuni za simu. Mama wa kijijini akienda kuziomba peke yake atazungushwa, barua ya serikali haitazungushwa. Mama ntilie wa pale nje naye ana daftari la madeni ya chakula cha mchana, majina yote yamo, siku baada ya siku. Sijaona rejista nzuri kuliko hiyo.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, upo kwa ajili ya misiba ya namna hii: gharama za mazishi, na pensheni kwa wategemezi. Ila taarifa ya kifo ina ukomo wa miezi 12, na muda huo unaliwa na safari za Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, za kutafuta vyeti vya kuzaliwa, na za kuthibitisha ndoa za kimila. Tunaomba uwakutanishe siku moja, chini ya paa moja, Afisa Kazi, Mfuko, OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), polisi na mtendaji wa kata, familia zikiwepo.

Kuna na suala la mlango wa nyuma. Ulifungwa kufuli kwa nje, kisa wizi wa sponji. Sponji ikiwaka hutoa moshi mweusi wenye sumu, unaomwangusha mtu kabla mwali haujamfikia. Septemba 3, 1991, katika mji mdogo wa Hamlet, Marekani, watu 25 walikufa katika kiwanda cha kuku kilichokuwa na milango iliyofungwa. Kiwanda kile kilikuwa kimefanya kazi miaka 11 bila kukaguliwa usalama hata mara moja. Mmiliki alikiri kosa mahakamani, akafungwa. Sisi hata taarifa ya uchunguzi hatujasomewa.

Mafundi wameshaanza kupaka rangi ukuta wa mbele. Tafadhali agiza kufuli lile na bawaba zake vichukuliwe kuwa kielelezo wiki hii, kabla hawajafika nyuma.

Wako,
Mkazi wa Moshi