Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, nanyi vijana wetu mlioko Muscat, Doha, Dubai na kwingineko,

Nawasalimu nyote. Kwa niaba ya kamati ya chama chetu hapa Mwanza naleta taarifa ya mwaka 2025. Tumeondokewa na wenzetu wanne mwaka huu. Familia zao zinajua tulikuwa nazo, na Mungu aendelee kuwapumzisha marehemu wetu.

Shughuli za kawaida sitazirefusha, wengi mmezisoma kwenye kundi letu la WhatsApp. Tulifanya mikutano minne, tulitoa rambirambi kwenye misiba minne, tuliwaona wagonjwa watatu, wawili kati yao wakiwa wamelazwa Bugando, tulipokea wanachama wapya sita, na chumba cha ofisi pale Kirumba kimelipiwa kodi miezi yote 12. Vijana watano walirudi likizo wakapita kutusalimia. Tunawashukuru.

Hesabu kwa jumla ni hivi. Mwaka tuliuanza na shilingi 1,412,000. Ada zilizokusanywa ni 2,985,000 na marejesho ya gharama za nyaraka 550,000. Tulitumia 3,455,000: rambirambi 800,000, wagonjwa 150,000, kodi ya ofisi 720,000, mikutano 340,000, sanduku la posta na karatasi 185,000, na safari ya nyaraka za anwani za vijana, nitakayoieleza mbele, 1,260,000. Salio ni 1,492,000. Vitabu viko kwa Mhazini, na mwanachama yeyote anakaribishwa ofisini kuvikagua mchana kweupe.

Sasa nije kwenye jambo lililotugawa, yaani uamuzi wa Machi wa kukataza sanduku la posta la chama lisiandikwe tena kuwa anwani ya makazi ya vijana wetu. Najua wapo wanaosema Mwenyekiti alijiamulia mwenyewe. Naomba mnisikilize hadi mwisho.

Kwa miaka mingi anwani ya mtu wa hapa ilikuwa sanduku la posta. Kwenye karatasi hatukuandika barabara wala namba ya nyumba. Tuliandika S.L.P., la kwako, la shule, la kanisa, au la kazini kwa mjomba. Kijana akipata kazi Uarabuni, akienda kufungua akaunti ya mshahara, fomu ya benki inamuuliza anwani mbili: ya kule anakoishi, na ya nchini kwao. Ya kule haimsumbui, mwajiri anamwandikia barua. Ya nyumbani akawa anaandika sanduku la chama chetu. Mmoja aliandika, akamwelekeza mwenzake, naye akamwelekeza mwingine. Tulipokuja kuhesabu mwezi Februari tulikuta watu 41 wanakaa ndani ya sanduku moja. Mimi nilikuwa najua kwamba wapo wanaofanya hivyo, ila sikujua wamefika idadi hiyo, na hilo nalikubali mbele yenu.

Kilichotuamsha ni barua. Benki moja ya Doha ilikuwa imemwandikia kijana wetu alete uthibitisho wa anwani ya nyumbani ndani ya siku 30. Barua ikalala kwenye sanduku tangu Desemba, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwa aliyekuwa Katibu naye alikuwa amehamia Geita bila kuukabidhi, ingawa nilimkumbusha mara mbili kwa maandishi. Katikati ya Februari tulipofungua, bahasha ile ilikuwa imejikunja kwa unyevu na siku 30 zilishapita zamani. Akaunti ilikuwa imezuiwa. Mshahara unaingia, mwenyewe hawezi kuutoa. Mama yake anauza dagaa Mwaloni. Alikuja kwangu Buhongwa saa kumi na mbili asubuhi, bado amejifunga khanga ya sokoni, akakaa kwenye ngazi, akaniuliza, "Mwenyekiti, mwanangu ameiba nini?" Mwanawe hakuiba kitu. Nilikosa cha kumjibu, na tangu siku hiyo jambo hili sikuliona tena kuwa la karatasi.

Benki nazo zina wajibu wao. Sheria zinazitaka zimjue mteja: ni nani, anaishi wapi, fedha zake zinatoka wapi, analipa kodi nchi gani. Watu 41 wasio na undugu, wenye sanduku moja na wengine namba ile ile ya simu ya Katibu, kwa afisa anayezuia utakatishaji fedha ni kama genge la watu wanaojificha. Tukumbuke pia kwamba nchi yetu yenyewe iliwekwa kwenye orodha ya uangalizi ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, Oktoba 2022, ikaondolewa Juni 2025. Uamuzi wetu tuliufanya tukiwa bado ndani ya orodha hiyo.

Kamati ilikaa Jumamosi ya tarehe 15 Machi. Wajumbe saba kati ya tisa walikuwepo, na muhtasari upo. Tuliamua kwamba sanduku la chama lisiandikwe tena popote kuwa makazi ya mtu, na kwamba chama kiwasaidie vijana 19 waliokuwa wamebanwa zaidi wapate nyaraka za kweli, zenye anwani ya kweli.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mzee mmoja aliniambia, "Kwani hilo sanduku limemdhuru nani?" Limemdhuru mtoto wa mama wa Mwaloni. Wengine walisema ningewaandikia tu barua kwa kichwa cha chama kwamba ninawajua na wanakaa Mwanza. Ninawajua, ndiyo. Lakini chama si serikali ya mtaa, na mimi sina mamlaka ya kuthibitisha makazi ya mtu. Nikisaini barua ya namna hiyo leo kwa huruma, kesho benki ikipiga simu kuuliza nyumba iko wapi, nitasema nini? Niliombwa na watu watatu kwa faragha, nikawakatalia wote watatu, na mmoja wao ni ndugu yangu wa damu.

Kupata uthibitisho wa kweli kumetufundisha mengi, na naomba wazazi mliangalie hili kwa makini. Pasi ya kusafiria haikuonyeshi unakaa mtaa gani. Umeme wetu ni wa LUKU, unanunua tokeni kwenye simu, hakuna bili inayokuja nyumbani yenye jina na anwani yako kama fomu za kule zinavyotaka. Ankara ya maji ya MWAUWASA ipo, ila kwenye nyumba nyingi imeandikwa jina la baba mwenye nyumba, na baadhi ya akina baba hao ni marehemu. Kinachobaki ni barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, iliyobandikwa picha na mhuri ukagusa picha.

Barua ya kwanza tuliyoipata niliisoma mwenyewe nikaridhika. Ilisema kijana fulani ni mkazi halali wa mtaa ule, "nyumbani kwa marehemu baba yake, nyuma ya mashine ya kusaga." Kwa kweli barua hiyo ilijitosheleza. Mtoto yeyote wa mtaa ule angekushika mkono akakufikisha mlangoni. Benki ikairudisha. Haina jina la barabara, haina namba ya nyumba, na imeandikwa Kiswahili bila tafsiri iliyothibitishwa.

Bahati nzuri namba za nyumba tunazo. Mnakumbuka Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti: vijana walipita na rangi na vibao, njia zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na taarifa zikaingizwa kwenye NaPA, mfumo wa kitaifa wa anwani za makazi. Postikodi za Mwanza zinaanza na 33. Wengi tulidhani ni mambo ya sensa yakapita. Mama wa Mwaloni alikuwa amepaka nyumba yake rangi upya mwaka juzi, na namba ikafunikwa. Nilikwenda mimi na Katibu wa sasa, tukakwangua ukuta kwa kisu cha jikoni taratibu, rangi ya krimu ikibanduka vipande vipande, mpaka tarakimu zikaonekana kwa chini. Mama alizisoma kwa sauti, moja moja. Tukaenda nazo moja kwa moja kwa mtendaji.

Kwa mtendaji nako si njia iliyonyooka. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 ulileta wenyeviti wapya kwenye mitaa kadhaa, na mwenyekiti mpya hawezi kusaini kwamba anamfahamu kijana aliyeondoka miaka sita iliyopita. Siwalaumu. Ilibidi mzazi aende na mjumbe wa zamani, majirani wawili, nakala ya kitambulisho cha NIDA cha kijana na pasi yake. Ofisi moja nilikwenda mara tatu kwa nauli yangu ya daladala na bodaboda. Sikuidai chama hata shilingi.

Lilikuwepo jambo gumu zaidi, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Kijana mmoja wazazi wake wote walifariki, nyumba ya Mabatini ikauzwa kugawana urithi. Yuko Muscat mwaka wa saba. Fomu inamuuliza, nyumbani kwako ni wapi? Wapo waliosema aandike ile ile ya Mabatini, nani atajua. Tulikataa. Nyumba ile ina watu wengine, barua ikija wataitupa. Akirudi likizo analala kwa baba yake mdogo Igoma, ana chumba pale, sanduku lake la nguo liko pale. Basi nyumbani kwake ni Igoma. Baba mdogo aliandika barua ya kukiri, majirani wakashuhudia, mtaa ukatia mhuri. Benki imeipokea.

Baada ya mtaa kulikuwa na tafsiri, na wakili kuthibitisha nakala. Tena kwa benki zilizotaka mihuri zaidi kulikuwa na Wizara ya Mambo ya Nje Dodoma, kisha ubalozi wa nchi husika Dar es Salaam. Kuwatuma ndugu 19, kila mmoja na nauli yake, tuliona ni hasara. Mhazini akapanda basi hadi Dodoma na bahasha 19 kifuani, akateremka Dar kwa treni ya SGR, akakaa siku tisa kwa dada yake ili tusilipe gesti. Gharama yote pamoja na wakili, tafsiri na ada za mihuri ni ile 1,260,000. Walioandikiwa waliahidi kurejesha 50,000 kila mmoja, yaani 950,000. Wamelipa 11. Wanane bado, na 400,000 za chama ziko mikononi mwao.

Lawama kubwa kuliko zote ni kwamba fedha hizo zilitoka mfuko wa rambirambi, na familia moja ya Nyegezi ikacheleweshewa mkono wa pole siku 12. Ni kweli. Niliomba radhi msibani na ninaomba tena hapa. Ila mfuko ule ulikuwa mtupu kwa sababu mwezi huo ada zilizoingia hazikufika 150,000. Wote 94 wangelipa, safari ingefanyika na rambirambi ingetoka siku hiyo hiyo.

Matokeo ni kwamba kati ya nyaraka 19, benki zimekubali 16 na tatu bado zinasubiriwa. Akaunti ya kijana wa Doha ilifunguliwa mwezi Mei. Mama yake alileta ndoo ya dagaa ofisini, tukagawana wote tuliokuwepo.

Kuhusu ada, nitasema wazi. Shilingi 5,000 kwa mwezi kwa watu 94 ni 5,640,000 kwa mwaka. Tunadaiwa, au niseme tunadaiana, 2,655,000. Waliolipa yote ni 37. Waliolipa kidogo kidogo ni 30. Wanachama 27 hawajalipa hata mwezi mmoja, na humo wamo wanaoandika maneno marefu kuliko wote kwenye kundi. Inaniuma, kwa sababu baadhi yao watoto wao ni miongoni mwa wale 19.

Mahudhurio ni hivyo hivyo. Mkutano wa Septemba tulikuwa watu 14, tukaondoka bila kuamua chochote maana akidi haikutimia, na viti 80 tulikuwa tumeshavikodi. Zamani wenzetu wa Sengerema walikuwa na sababu ya kusubiri kivuko. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, unavuka kwa dakika chache, na bado hatuwaoni. Waliokuja kutoka Sengerema mwaka mzima ni wawili, wote akina mama, mmoja ana miaka zaidi ya 70. Namheshimu sana mama yule.

Kwa mwaka 2026 tunatarajia, fedha zikiruhusu, kuwasaidia wale 22 waliobaki ambao bado wanatumia sanduku la chama, kumpata wakili atakayetupunguzia bei, na pengine kuwaomba viongozi wa mitaa waje kwenye mkutano mmoja tuelewane. Tunafikiria pia daftari la anwani za vijana wote. Tutaona.

Uchaguzi wa kamati utafanyika kwenye mkutano wa Machi. Nitagombea tena, kwa sababu kazi hii nimeianza na sitaki kuiacha njiani. Asiyekuwa amelipa ada ya 2025 hatapiga kura, ni katiba inavyosema, kifungu mlikipitisha wenyewe. Wale wanane wa marejesho wamwone Mhazini kabla ya mwisho wa Februari. Na wazazi wa wale 22, kabla hamjaja ofisini, angalieni kwanza kama namba ya nyumba bado inasomeka ukutani.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti